Ninayemfundisha kazi ananizidi mshahara. Nimwendeeje bosi aliyenilea?

Mshauri, shikamoo.

Nimekuwa nikikusoma siku nyingi bila kuandika. Nina kazi, nina afya, na najua wapo wenye shida kubwa kuliko yangu. Lakini jambo hili limeninyima usingizi, na ofisini sina wa kumweleza.

Mimi ni msanidi programu. Kampuni hii niliingia nikiwa mwanagenzi, mkononi nina cheti tu na kompyuta ya kuazima. Bosi wangu wa sasa ndiye aliyenipokea. Alikuwa akibaki nami jioni wenzetu wakishaondoka, akinionyesha jinsi ya kusoma msimbo ulioandikwa na mtu mwingine na jinsi ya kuisaka hitilafu bila kubahatisha. Baadaye kampuni ilipopunguza watu, jina langu lilikuwa kwenye orodha, na yeye ndiye aliyekwenda kulitoa. Hilo hakuniambia mwenyewe, nililisikia kwa watu. Mtu huyu ana uzito kwangu.

Leo mimi ndiye ninayeshika sehemu ya malipo katika mfumo wetu. Mteja akilipa na fedha zisifike, simu inalia kwangu, hata iwe saa tisa usiku. Mwaka huu tuliajiri kijana mmoja, mwerevu na mwenye adabu, nikaambiwa nimfundishe. Tumepatana vizuri. Juzi alikuja na fomu ya mkopo wa benki, akaniomba nimsomee asije akakosea mahali. Nikaipitia mstari kwa mstari: jina, anwani, mwajiri, mshahara wa mwezi. Mshauri, mshahara wake unazidi wangu kwa karibu theluthi. Nilimrudishia fomu nikamwambia iko sawa, kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka mikono ilipoacha kutetemeka.

Mimi sijawahi kuomba nyongeza hata mara moja. Kila mwaka napewa asilimia ileile wanayopewa wote, nami nashukuru. Nilidhani ndivyo mambo yanavyokwenda.

Baada ya siku ile, nadhani kwa hasira, nilijibu ujumbe wa kampuni moja changa iliyokuwa ikinitafuta. Nikafanya usaili, wakanipenda. Kwa simu wamenitajia kiasi kinachozidi mshahara wangu kwa asilimia 40, na juu yake hisa. Nitafanya kazi nikiwa nyumbani, ila mkataba utakuwa wa mkandarasi wa kujitegemea, si wa mwajiriwa. Barua bado haijatoka. Kwanza wanataka nijaze fomu, na kwenye fomu hiyo kuna nafasi ya kuandika mshahara ninaolipwa sasa. Wanataka kujua msimamo wangu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo.

Mume wangu anasema niiweke ofa hiyo mezani kwa bosi: waongeze au niondoke. Mama yangu anasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nikifikiria kuingia kwa yule mzee na ofa ya watu wengine mkononi, nasikia aibu. Shukrani ya punda ni mateke, nami sitaki kuwa huyo punda. Halafu akiniambia, "Basi nenda"? Au akiongeza kwa kuwa nimemtishia, atanitazamaje tena? Na huyu kijana aliyeniamini na fomu yake, nitamponza?

Nikinyamaza, kila nikimwona nitaiona ile nambari. Nisaidie kufikiri.

Mwenye Deni

*

Marahaba, mwanangu.

Ahsante kwa kuniamini na jambo hili, na usilipunguze kwa sababu wapo wenye makubwa zaidi. Umeonyeshwa, kwa nambari na bila kutarajia, kwamba kazi ya mtu unayemfundisha inalipwa kuliko yako. Mikono ya yeyote ingetetemeka.

Katika barua yako naona mambo mawili yaliyosokotana. Kuna shukrani yako kwa bosi, na kuna bei ya kazi yako. Umejiita Mwenye Deni, na nilipofika hapo nilijiuliza deni hilo umekuwa ukililipa kwa njia gani. Kwa ninavyokusoma, umekuwa ukililipa kwa kutoomba. Hebu tulitazame hilo. Ile theluthi usiyoidai inaingia mfukoni mwa nani? Bosi wako haipati. Inabaki kwenye hesabu za kampuni, na kampuni haikukaa nawe jioni kukufundisha kusoma msimbo. Aliyekaa nawe ni mtu, na mtu huyo unaweza kumrudishia wema wake kwa njia nyingi ambazo hazina uhusiano na mshahara. Moja umeshaianza, maana unamlea kijana wa watu kama ulivyolelewa. Nyingine ni kumweleza mzee huyo ukweli wako yeye kwanza, kabla hajausikia kwingine. Na ukiondoka, kama utaondoka, ni kumwachia sehemu ya malipo ikiwa imeandikiwa maelezo ambayo mwingine ataweza kuyafuata saa tisa usiku bila wewe.

Sina hakika pia kwamba kuna mtu aliyekaa chini akaamua kukupunja. Kampuni nyingi zina mafungu mawili ya fedha yasiyokutana. Fungu la kuajiri hufuata soko: wanayemtaka ana ofa kwingine, dau linapanda, wanalipa. Fungu la nyongeza hupangwa mara moja kwa mwaka, kwa asilimia, na wakuu wa vitengo hugawana kilichopo. Aliyeingia kwa malipo ya mwanagenzi huongezewa asilimia juu ya malipo ya mwanagenzi, hata kama sasa ndiye anayeubeba mfumo. Na pengo hilo halitulii. Tuseme wewe una 100 na kijana ana 130, wote mkaongezwa asilimia 5 kila mwaka. Baada ya miaka mitano wewe utakuwa na karibu 128, yeye karibu 166. Tofauti iliyokuwa 30 imekuwa 38, na kila mwaka mlitendewa sawasawa.

Nimekaa kwenye hili kwa sababu linagusa ombi lenyewe. Ukiingia kuomba nyongeza, huenda bosi ana asilimia chache tu za kukupa hata akiwa anakutakia mema yote. Ukiomba cheo chako kipangwe upya kilingane na kazi unayoifanya, mara nyingi ombi hilo hupitia mlango mwingine wa bajeti, wenye nafasi kubwa zaidi. Muulize wazi: "Cheo changu hupangwa na nani, na bajeti hufungwa lini?" Watu wengi hukataliwa kwa kuwa waliomba wiki moja baada ya hesabu za mwaka kufungwa.

Unasema hujawahi kuomba. Je, inawezekana bosi naye anadhani umeridhika? Mtu anayeshukuru kila mwaka husomwa hivyo. Lakini sitakuambia ujikaze tu uingie. Hannah Riley Bowles, Linda Babcock na Lei Lai walichapisha utafiti mwaka 2007 ulioonyesha kwamba wanawake walioanzisha mazungumzo ya malipo walihukumiwa vikali kuliko wanaume waliofanya jambo lilelile. Kwa hiyo hofu yako ya "atanitazamaje" ina msingi, na anayekuambia ugonge meza anakuambia ujasiri ambao pengine yeye haumgharimu kitu. Njia iliyo salama zaidi ni kuizungumzia kazi. Kabla ya kuingia, jaza ukurasa mmoja: ni hitilafu zipi za malipo ulizozimaliza, zilikukuta saa ngapi, ni nini ulichokijenga kilichozizuia zisirudi, na nani unamfundisha. Halafu unaweza kusema hivi: "Sehemu ya malipo iko mikononi mwangu, pamoja na zamu za dharura, na sasa ninafundisha. Cheo na mshahara wangu havijaifuata kazi hii. Naomba tuviangalie upya. Nimelichunguza soko, na kiasi ninachokifikiria ni hiki." Ukishakitaja, nyamaza. Kimya kitakachofuata kitakuwa kizito, na hapo ndipo wengi huanza kujipunguzia wenyewe kabla hata hawajajibiwa.

Nambari ya kijana iache kwenye fomu yake. Alikuonyesha akiwa anaomba msaada, na ukiitaja ndani ya chumba kile mazungumzo yatahama kutoka kwenye kazi yako kwenda kwenye nani alivujisha nini. Lakini ukishaijua huwezi kujifanya huijui, basi iwe sababu ya kwenda kutafuta ushahidi wako mwenyewe. Siku hizi ushahidi upo. Katika majimbo ya Marekani, Colorado tangu mwaka 2021, na California tangu 2023 kwa waajiri wenye wafanyakazi 15 na zaidi, sheria inataka tangazo la kazi lionyeshe kima cha chini na cha juu cha mshahara. Viwango vya huko vinaweza visilingane na vya mahali ulipo. Lakini soma umbali uliopo kati ya msanidi wa ngazi ya chini na wa ngazi ya juu, kisha linganisha na umbali uliotembea wewe tangu uanagenzi. Waulize na watu wa fani walio kwingine. Wengi watakujibu ukiwauliza, "Kazi kama hii kwenu hulipwa kati ya ngapi na ngapi?" badala ya, "Wewe unapata ngapi?"

Sasa ile nafasi ya mshahara wa sasa. Wewe unaiona kama utaratibu wa fomu, mimi naiona kama ndipo majadiliano yenyewe yalipo. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio la gurudumu la nambari. Waliotangulia kuonyeshwa 10, walipotakiwa kukadiria asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa, makadirio yao ya kati yalikuwa 25. Walioonyeshwa 65 wakasema 45. Nambari isiyohusiana kabisa na swali iliyavuta majibu. Basi fikiria nguvu ya nambari inayohusiana, yaani mshahara wako ambao wewe mwenyewe unaamini uko chini. California na Massachusetts zilikataza waajiri kuuliza swali hilo tangu 2018, na maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 yanalikataza pia. Angalia sheria ya mahali ulipo na ya mahali walipo wao. Pasipo na sheria, unaweza kuiacha wazi, au ukaandika kiasi unachokitarajia badala ya unacholipwa. Kuna hatari kwamba watakukazia, na wapo wanaokasirika. Ila usiandike uongo. Hati ya mshahara inaweza kuombwa baadaye, na ofa ikavunjika wakati ambapo kwa bosi umeshaaga.

Hiyo asilimia 40 nayo tuifungue, maana ndiyo inayokupa kiburi cha kwenda na ndiyo inayokutia hofu ya kubaki, na huenda siyo 40. Mkandarasi wa kujitegemea kwa kawaida halipwi siku asizofanya kazi. Mwaka una takriban siku 260 za kazi. Ukipumzika 20, na sikukuu zikawa 10, siku 30 hazina malipo: mshahara wako wa sasa ukiwa 100, wao wanakupa 140, na kwenye 140 hapo zimekwisha 16, umebaki na 124. Toa bima ya afya utakayojilipia. Toa mchango wa pensheni ambao leo mwajiri anakuwekea. Toa kompyuta, intaneti, na mtu wa kukuandalia hesabu za kodi. Sijui utaishia wapi, maana sina barua yako ya ajira, lakini chukua kalamu ufanye hesabu hiyo kwa nambari zako halisi kabla ya kuipeleka 40 mbele ya mtu yeyote. Waulize pia kama wanalipa kwa siku au kwa mwezi, likizo inahesabiwaje, na notisi ya kuvunja mkataba ni ya muda gani. Mkandarasi anaweza kuambiwa ahsante ndani ya wiki mbili.

Hisa nazo zina maswali yake. Mpango ulioenea katika kampuni changa ni miaka minne, na mwaka wa kwanza ukiwa kizingiti: ukiondoka mwezi wa kumi na moja, hupati hata moja. Tena uliza ni hisa zenyewe au ni haki ya kuzinunua kwa bei iliyowekwa, kwa sababu haki hiyo mara nyingi hukupa siku 90 tu baada ya kuondoka, utoe fedha au uipoteze. Na wakikuambia "hisa 10,000", uliza kati ya ngapi. Kati ya milioni 10 ni asilimia 0.1. Kati ya milioni 100 ni asilimia 0.01. Kampuni isiyotaka kukujibu swali hilo imekuambia kitu.

Nayasema haya wala sitaki kukuzuia usiende. Kampuni changa huwapa watu nafasi ambazo kwingine wangezisubiri miaka, na kazi ya nyumbani, hasa ikiwa haina simu za usiku, ina thamani ambayo hesabu yangu haiioni. Je, kule nako kuna zamu za dharura? Hukuniambia, nami ningependa uulize.

Kuhusu bosi, mume wako ana hoja. Ofa ya nje ndiyo inayomsogeza mwenye bajeti haraka kuliko ukurasa wowote wa sifa zako, na pengine yule mzee ataifurahia kwa sababu inampa kitu cha kupeleka juu. Lakini ukiiweka mezani uwe tayari kuondoka kweli. Akisema "basi nenda" na wewe ulikuwa unajaribu tu, utakuwa umeharibu pote pawili. Wakiongeza pia si mwisho wa habari: kuna wakuu watakaokuhesabu tangu siku hiyo kuwa mtu wa kuondoka, na kuna wengine watakaokuheshimu zaidi. Wewe unamjua wako.

Kuzungumza bila kuitaja ofa kunalinda uhusiano, ila kunaweza kuishia kwenye "tutaangalia mwakani". Ukiambiwa hivyo, omba tarehe na omba iandikwe. Mama yako naye ana hoja, kwa kuwa mahali unapojulikana na kukingwa pana thamani, hasa kampuni inapopunguza watu. Ningemuuliza tu: huyo aliyekukinga akistaafu au akihama, mkeka huu utabaki uleule?

Kuna swali moja ambalo ningependa ulijibu ukiwa peke yako, kabla ya kumjibu mtu mwingine. Kama kesho asubuhi wangekupa mshahara sawa na wa yule kijana, bila wewe kuomba, bado ungeitaka ile kazi nyingine? Jibu likiwa hapana, basi unachokitafuta kiko palepale ulipo, na mazungumzo yako na bosi ni ya cheo na haki. Likiwa ndiyo, huenda umechoka kwa namna ambayo nyongeza haitaigusa, na kumwambia mzee "niongeze nibaki" kungekuwa kumwahidi kitu usichonacho. Ukijikuta unajibu "sijui", hilo nalo ni jibu la kweli, na Ijumaa isikutishe.

Maana tarehe hiyo wameiweka wao, na tarehe huombwa kusogezwa. Unaweza kuwaandikia leo, kwa adabu, kwamba umefurahi kuzungumza nao na ungependa kupokea ofa yote kwa maandishi: kiasi, namna ya kulipwa, likizo, notisi, idadi ya hisa na jumla yake. Kisha omba siku chache za kuisoma tangu itakapokufikia. Hilo halikufungi kwao wala halimkosei bosi. Mpaka barua hiyo ifike na uisaini, huna kazi ya pili, una simu nzuri uliyopigiwa, kwa hiyo barua ya kuacha kazi isitangulie. Wakijibu, kama utapenda tuisome pamoja, nitumie. Futa majina kwanza.